Kaka kaingia kwenye upatu, kila nikimpa ushahidi anazidi kukaza shingo. Nifanyeje?

Kitinda_Mimba: Wakuu, naomba ushauri. Kaka yangu mkubwa ameweka akiba yake kwenye ule mchezo wa leta watu watatu, kila mmoja naye alete watatu. Nimempigia hesabu mbele ya familia nzima: ngazi ya 20 peke yake inataka watu zaidi ya bilioni 3. Akasema namwonea wivu! Sasa anaingiza na marafiki zake. Na ni msomi.

Kinubi: Usomi hauzuii, mkuu. Msomi ana maneno mengi zaidi ya kujitetea, basi.

Mama_Hoja: Hapo kwenye "mbele ya familia" ndipo ulipoharibu. Alikuwa anatetea heshima yake, si hesabu. Mwaka 1959 wanasaikolojia Festinger na Carlsmith waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, kazi ya kuchosha, kisha wakawaomba wamwambie mwenzao kwamba inafurahisha. Wengine walilipwa dola 20, wengine dola 1. Baadaye wa dola 1 ndio walioisifia zaidi ile kazi. Wa dola 20 alijua kadanganya kwa sababu ya pesa. Wa dola 1 hakuwa na kisingizio, ikabidi aamini alichosema. Kaka yako akikubali ni utapeli, anakubali pia kwamba amewaponza rafiki zake. Kila anayemwingiza anazidi kumfunga.

Jiwe_Pembeni: Mi nasikia ukimpa mtu ushahidi ndo anazidi kuamini uongo. Achana naye.

Mama_Hoja: Hilo lilivuma baada ya utafiti wa Nyhan na Reifler, 2010. Watafiti wengine, Wood na Porter, wakalipima upya kwa watu zaidi ya 10,000, halikuonekana. Usimkatie tamaa.

Kitinda_Mimba: Sasa nimwambie nini?

Kinubi: Muulize tu. Watafiti Rozenblit na Keil (2002) waliona watu hujiamini kwamba wanajua zipu inavyofanya kazi, mpaka waombwe kueleza hatua kwa hatua. Hapo hujipunguzia wenyewe alama walizojipa za uelewa. Mkiwa wawili, akueleze faida ya aliyeingia mwisho inatoka wapi. Kisha nyamaza. Usimcheke.

Kitinda_Mimba: Atasema inatoka kwa watakaokuja.

Mama_Hoja: Na hao watalipwa na nani? Akianza kusitasita usimkumbushe kwamba ulimwonya. Mwambie mmedanganywa wengi, halafu msaidie kudai pesa yake kabla hajaingiza mwingine.