Naomba ushauri: Border na Ponting tuwapime kwa kigezo gani?

Ndugu zangu mnaofuatilia kriketi, naomba mnisaidie kuwalinganisha wapigaji wawili wa Australia, Allan Border na Ricky Ponting. Kwa takwimu za mechi za testi (mechi za kimataifa za siku hadi tano) Ponting yuko mbele: alipata mikimbio (alama za mpigaji) 13,378 katika mechi 168, kwa wastani wa 51.85 kwa kila alipotolewa, ilhali Border alipata 11,174 katika mechi 156, kwa wastani wa 50.56. Hata hivyo, Border alikabidhiwa unahodha mwaka 1984, miezi kadhaa baada ya nyota wa timu Greg Chappell, Dennis Lillee na Rodney Marsh kustaafu, akaijenga upya timu iliyokuwa dhaifu hadi ikatwaa Kombe la Dunia mwaka 1987 na kuishinda Uingereza nyumbani kwake mwaka 1989. Ponting alirithi kikosi kilichosheheni nyota; alitwaa Kombe la Dunia mwaka 2003 na 2007, lakini akiwa nahodha alishindwa mara tatu katika Ashes, mfululizo wa mechi za testi kati ya Australia na Uingereza, jambo ambalo Waingereza hawachoki kulikumbusha. Mimi naelemea kwa Border. Je, ni haki kuyapa mazingira magumu uzito kuliko mikimbio yenyewe, au unahodha tuuweke kando kabisa tunapompima mpigaji?