Uzi kutatana chini ya cherehani ya kudarizi: nibadilishe uzi, bobini au mkazo?

Mama Darizi, Kisauni

Assalamu alaykum na habari zenu nyote. Ninayo cherehani ndogo ya kudarizi ya nyumbani, ile yenye fremu ya sentimita 10 kwa 10, nami huitumia kutia darizi kwenye shingo za kanzu na nembo kwenye sweta za wanafunzi. Siku hizi kazi huanza vizuri, lakini baada ya mishono michache cherehani hunguruma, kitambaa hung'ang'ania kwenye bamba la sindano, na ninapokiinua hukuta donge la uzi limejikusanya chini yake. Upande wa juu mshono huonekana karibu safi.

Nimepewa ushauri wa aina tatu. Muuza nyuzi anasema niachane na polyesta ninunue reyoni. Mshonaji jirani yangu anapendekeza bobini (vile vigurudumu vidogo vya uzi wa chini) zilizojazwa kiwandani badala ya hizi ninazojaza mwenyewe. Fundi wa mtaani yeye anataka kulegeza skrubu ya kikasha cha bobini. Kwa kuwa fedha haziniruhusu kuyajaribu yote kwa pamoja, naomba mnilinganishie njia hizi na mniambie ipi itangulie.

Fundi wa Chumbageni

Wa alaykum salaam, Mama Darizi. Katika hayo matatu, mimi nisingeanza na hata moja. Donge likiwa chini, watu huilaumu bobini kwa sababu ndiyo iliyo chini, ilhali mara nyingi kasoro iko kwenye uzi wa juu. Kila sindano inaposhuka, ndoano huukamata uzi wa juu na kuuzungusha kwenye kikasha cha bobini, kisha mkono wa kuvutia uzi hupanda na kuurudisha juu ule uliozidi. Ikiwa uzi haukuingia barabara kati ya visahani vya mkazo, yaani vile vinavyoubana uzi wa juu, au umeukosa mkono huo, hakuna kinachourudisha. Uliozidi hubaki chini, na kila mshono unaofuata huongeza mwingine juu yake.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata shilingi, ondoa uzi wote wa juu na uutie upya mguu wa kubana kitambaa ukiwa umeinuliwa, kwa sababu mguu ukiwa chini visahani hufungwa na uzi hupita pembeni bila kuingia. Baada ya hapo shusha mguu na uvute uzi polepole karibu na sindano: unapaswa kukataa. Inua mguu na uvute tena: sasa uteleze kwa urahisi. Usipohisi tofauti yoyote kati ya mara hizo mbili, uzi hauko mahali pake, na hakuna uzi wa bei ghali utakaokusaidia.

Donge likishatokea, usilivute kwa nguvu, kwani unaweza kuipinda sindano au kuitoa ndoano kwenye mpangilio wake. Zima umeme, kata uzi wa juu, pitisha mkasi mwembamba kati ya fremu na bamba ukate nyuzi zilizoshikilia, kisha fungua bamba uondoe vipande na vumbi la nyuzi kwa brashi ndogo.

Weka pia sindano mpya ya kudarizi, namba 75/11, upande wake bapa ukielekea nyuma. Sisi wa pwani tuna shida ya ziada ya kutu, na ncha iliyokwaruzika huuchana uzi kabla haujapita kwenye kitambaa.

Nyuzi na Rangi

Ninakubaliana na Fundi kuhusu mpangilio, lakini swali la uzi nalo lina uzito wake, hasa kwa mtu anayedarizi sweta za shule. Reyoni hutengenezwa kwa selulosi ya mimea. Inang'aa kwa upole, inalala vizuri kwenye kitambaa, na kwa shingo ya kanzu sijaona inayoipita. Ubaya wake ni kwamba hupoteza nguvu inapolowa maji na haivumilii dawa ya kung'arisha nguo, na sote tunajua jinsi sare za watoto zinavyolowekwa na jiki. Polyesta ya kudarizi haing'ai kwa namna ileile, lakini ni imara zaidi na rangi yake hustahimili ufuaji huo. Kwa nembo za shule, muuza nyuzi wako amekushauri vibaya.

Kuna jambo moja ambalo hukulieleza: polyesta unayotumia ni ya kudarizi au ni ule uzi wa kawaida wa kushonea? Uzi wa kudarizi kwa kawaida ni namba 40, laini na usio na manyoya. Uzi wa kushonea mara nyingi husokotwa kwa nyuzinyuzi fupi, kwa hiyo huacha vumbi jingi ndani ya visahani na chini ya bamba, na vumbi hilo likijaa mkazo huyumba hata kama umetia uzi sawasawa.

Angalia pia jinsi uzi unavyotoka. Uzi uliozungushwa kwa kupishana, kama ule wa koni, hutakiwa kutokea kwenye ncha. Uliozungushwa mistari sambamba hutakiwa kutokea ubavuni huku kigurudumu chake kikizunguka. Koni kubwa usiilazimishe kwenye kipini kidogo cha cherehani, bali iweke nyuma yake kwenye kisimamio.

Bobini Tele

Nami nizitetee bobini za kiwandani, kwa kuwa jirani yako hakukosea kabisa. Faida yake ni kwamba uzi umezungushwa kwa mkazo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa kawaida huingia uzi mwingi zaidi kuliko unaojaza mwenyewe, hivyo mchoro mrefu haukatizwi katikati. Hata hivyo, zina mitego miwili. Wa kwanza ni kipimo: bobini iliyozidi au kupungua kimo kidogo tu hucheza ndani ya kikasha, na cherehani iliyotengenezewa bobini za plastiki haipendi za chuma. Wa pili ni unene wa uzi wake: nyingine hujazwa namba 60, nyingine namba 90 ambao ni mwembamba zaidi, na kikasha kilichopangiwa mmoja huenda kisiubane mwingine inavyofaa.

Ukiendelea kujaza mwenyewe, jaza kwa kasi ya wastani na hakikisha uzi umepita kwenye kisahani chake kidogo cha mkazo. Bobini iliyojazwa ikawa laini kama spanchi itupwe pembeni. Unapoiweka, fuata upande uliochorwa kwenye cherehani, kisha upitishe uzi chini ya chuma chembamba kinachoubana.

Fundi wa Chumbageni

Na hiyo skrubu ya kikasha isiguswe mpaka kipimo kioneshe kwamba inahusika. Darizi herufi moja nene kwa mshono wa satini, ule wa kwenda na kurudi uliosongamana, kwenye kipande cha kitambaa, kisha ugeuze. Mkazo ukiwa sawa, uzi wa bobini huonekana katikati kwa takribani theluthi moja ya upana, na uzi wa juu huonekana pande zote mbili. Uzi wa bobini usipoonekana kabisa nyuma, ongeza mkazo wa juu hatua moja moja; uzi huo wa bobini ukijitokeza upande wa mbele, punguza. Fundi anayeanza na skrubu ya chini, kwangu mimi, anatafuta kazi ya kurudiwa.

Mama Darizi, Kisauni

Ninawashukuru nyote. Nimetia uzi upya mguu ukiwa juu, nimebadilisha sindano na kusafisha chini ya bamba, ambako vumbi lilikuwa limeshikana kabisa. Polyesta yangu ni ya kudarizi, kwa hiyo sitainunua reyoni ila kwa kanzu. Kwenye popilini sasa mshono umetulia. Kwenye sweta, hata hivyo, donge bado hutokea mara mojamoja, hasa kwenye herufi ndogo za nembo.

Nyuzi na Rangi

Hapo tatizo limehama kutoka kwenye uzi kwenda kwenye kitambaa, Mama. Sweta hunyumbuka, hivyo sindano inapopanda huinuka nayo, na kitanzi ambacho ndoano ilipaswa kukikamata hakifunguki vizuri. Usiibane sweta yenyewe ikiwa imevutwa. Bana kwenye fremu kitambaa cha kuimarishia cha aina ya kukatwa kwa mkasi, si kile cha kuchanwa, kikaze kama ngozi ya ngoma, kisha ulaze sweta juu yake na uishikize kwa mishono mirefu ya muda kuzunguka nembo. Juu ya sweta weka utando mwembamba unaoyeyuka kwa maji ili herufi zisizame kwenye sufi, na ushushe kasi hadi mishono 400 kwa dakika kama cherehani yako inaruhusu. Sehemu iliyobaki ya sweta iviringe na uishike kwa pini mbali na sindano, kwa sababu ikining'inia nje ya meza uzito wake huivuta fremu na mchoro huhama.