Traifo ya Idi kwa nanasi na papai la sokoni: jeli itaganda?

UkhtyTanga

Assalamu alaykum wapendwa. Niko Tanga, Idi pili mawifi na mama mkwe wanakuja kula mchana, na nimeshatangaza kwamba baada ya pilau kuna traifo. Siwezi tena kurudi nyuma. Bakuli ninalo, lile la kioo lenye mguu, kila tabaka linaonekana, na mawifi zangu macho wanayo.

Matunda ya kopo sitaki, bei yake siielewi, na sokoni nanasi, papai, ndizi na pasheni vimejaa. Chini nataka keki, juu yake matunda, halafu jeli nyekundu, kastadi, na krimu. Keki naipika mwenyewe kwenye sufuria, mkaa juu na chini, hiyo hainisumbui.

Sasa jirani kaniambia nanasi na jeli havipatani. Ni kweli au maneno ya watu? Halafu kastadi: pakiti haitaji mayai, ila naona watu wanatia viini. Lita moja ya maziwa viini vingapi? La mwisho, umeme wetu mnaujua. Ukikatika asubuhi yenyewe nifanyeje?

Kaka_Mzigua

Nunua matunda mchanganyiko ya kopo umalize, dada. Maji yake unalowekea keki. Mawifi hawatauliza risiti.

BiMpishi_Ngambo

Wa alaykum salaam mwanangu. Mimi nipo Unguja, kila Ramadhani nauza traifo za vikombe, kwa hiyo nitasema kidogo kwa urefu, nivumilie.

Jirani yako kasema kweli. Nanasi lina kimeng'enya kinaitwa bromelini, papai nalo lina chake, papaini. Unajua tunavyosaga papai bichi tukatia kwenye nyama ya mishkaki ilainike? Ni kitu hicho hicho. Jeli ya pakiti inagandishwa na jelatini, na jelatini ni protini iliyotolewa kwenye ngozi na mifupa ya wanyama (kwa hiyo soma pakiti, hakikisha ina alama ya halali). Papai linavyoilainisha nyama, ndivyo linavyoimaliza jeli. Kama huamini, gandisha jeli kidogo kwenye kisahani, weka kipande cha nanasi juu, kaendelee na shughuli zako. Ukirudi utakuta pembeni jeli imesimama, katikati kipande kimezama kwenye maji mekundu.

Dawa yake moto. Kata nanasi vipande vidogo, tia sufuriani na sukari kidogo na kijiti cha mdalasini, usitie maji, litatoa yake. Lichemke dakika tano hivi, kila kipande kipate moto mpaka ndani, halafu lipoe kabisa. La kopo haliharibu jeli kwa sababu limeshapikwa kiwandani, si kwamba ni nanasi la aina nyengine. Yale maji yanayobaki sufuriani ndiyo ya kulowekea keki, na hapo kopo la Kaka Mzigua tumeshalisahau.

Papai ukilichemsha linavurugika. Mimi silipeleki karibu na jeli. Nalikata mche mche, nalipanga juu kabisa wakati watu wanakaa mkekani. Usilitie mapema, maana likikaa na maziwa linaleta uchungu.

Jeli yenyewe ipunguzie maji. Pakiti ikisema nusu lita, tia chini ya hapo, robo ya maji uiache. Usiimimine ingali ya moto juu ya keki, keki itainywa yote na tabaka hulioni. Ngoja ianze kuwa nzito kama ute wa yai, ndipo umimine.

Sasa kastadi, na hapa ndipo wengi wanapojitesa. Mayai usitie hata moja. Unga huu ulibuniwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1837 na mkemia Alfred Bird, kwa kuwa mkewe alikuwa hawezi kula mayai. Ni wanga wa mahindi, rangi na harufu ya vanila. Ukitia viini unaongeza gharama na harufu ya yai, basi. Kwa lita ya maziwa pakiti nyingi zitakwambia vijiko vinne vya supu. Kwa traifo tia sita, maana inabidi isimame ikichotwa. Koroga unga na maziwa ya baridi pembeni mpaka usione donge, mimina kwenye maziwa yanayochemka, usiache mwiko mpaka itokote kwa mapovu mazito. Ukiitoa kabla haijatokota, ladha ya unga mbichi itabaki.

Na nakuomba: usionje kwa kijiko ukakirudisha sufuriani. Mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga. Kastadi ilikuwa nzito, ukija kuiangalia baadaye imekuwa maziwa ya njano, na nyumba nzima inalaumu pakiti. Onja kwa kijiko kengine, kisha kiende kwenye beseni la vyombo.

Ikiiva, ifunike kwa nailoni iliyogusa kastadi yenyewe, isishike utando. Ipoe mpaka uwe unaigusa bila kushtuka. Ukimwaga ya moto juu ya jeli, jeli inayeyuka na rangi zinaingiana, na lile bakuli lako la mguu litaonyesha kila kitu.

Mswahili_Muscat

Bi Mpishi kamaliza, mimi naongeza la umeme. Marehemu mama alikuwa anatumia chaina grasi, ile ya kupikia faluda, badala ya jelatini. Inatokana na mwani, si protini, kwa hiyo nanasi unatia hivyo hivyo bila kupika. Na inaganda nje ya friji, ikishaganda haiyeyuki kwa joto la mchana, mpaka uirudishe motoni ikaribie kuchemka. Kwa sisi wa huku Omani, kiangazi chetu mnakisikia, jeli ya jelatini ukiitoa tu friji inaanza kutoa jasho.

Ya unga, kijiko kimoja cha chai kwa kikombe kimoja cha maji na juisi kwa jumla. Ichemshe kwenye maji dakika kadhaa mpaka iyeyuke yote, epua, ndipo utie juisi ya pasheni. Ukiichemsha pamoja na pasheni, ukali wake unaidhoofisha. Juisi isiwe imetoka friji, itaganda vipande vipande mkononi mwako.

BiMpishi_Ngambo

Sikatai, kaka yangu, lakini tuseme ukweli: chaina grasi haitikisiki. Inakatika kwa kijiko kama jibini. Watoto wanataka jeli inayocheza. Mimi naitumia kwa oda za kusafiri tu, vikombe vinavyopanda boti kwenda Dar, kwa sababu inafika imesimama.

Mswahili_Muscat

Bibie, kati ya jeli isiyocheza na jeli iliyokuwa juisi mbele ya mama mkwe, mimi nachagua isiyocheza.

UkhtyTanga

Nimecheka peke yangu jikoni. Nimeamua: chaina grasi na pasheni, rangi ya machungwa, jeli nyekundu niwaachie wenye jenereta. Nanasi nitalipika hata hivyo, huo mdalasini umenivutia. Papai juu dakika za mwisho. Kimebaki kitu kimoja, krimu. Nina kopo la krimu kabatini, nalipigaje? Na ndizi zinakuwa nyeusi.

BiMpishi_Ngambo

Ndizi zikate mwisho, uzigeuze geuze kwenye maji ya ndimu, kisha zizike chini ya kastadi zisipate hewa.

Krimu ya kopo haipigiki mwanangu, utachoka mkono bure, mafuta yake ni kidogo. Ya kupigwa inatakiwa iwe na mafuta asilimia 30 kwenda juu, na bakuli na mchapo vilale friji kwanza. Kama huipati, ipo ya unga inayopigwa na maziwa ya baridi sana, kwa joto la pwani inavumilia zaidi. Hilo kopo koroga na maziwa mazito ya sukari, umwage juu, itakuwa sosi, si povu, lakini inalika.

Umeme ukikatika tangu usiku, kastadi ipike asubuhi ile ile, bakuli zima liingie kwenye kuliboksi lenye barafu. Kitu cha maziwa kisikae nje zaidi ya muda wa saa mbili, Tanga si Lushoto. Na krimu iache kabisa. Kamulia pasheni juu ya kastadi pamoja na mbegu zake, nyunyiza korosho za kukaanga. Korosho zitie wageni wakiwa wameshanawa, zikitangulia zinalegea.