Tupeane uzoefu: deni la kadi la mzazi, mlilihamishia wapi?

KIFUNGUA MIMBA
Wadau, mama yangu ni mwalimu mstaafu, tunaishi Donholm, Nairobi. Ana kadi ya mkopo aliyopewa na benki enzi za mshahara, na sasa anadaiwa shilingi 180,000. Riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Yeye hulipa kile kiwango cha chini, 9,000, na hajawahi kuchelewa, kwa hivyo anajiona yuko sawa. Nilipokaa na stetimenti nikaona kwamba katika hiyo 9,000, 6,300 ni riba tupu. Deni lenyewe linapungua 2,700, halafu anapita supamaketi na kuzirudisha palepale. Nataka tulihamishe deni mahali pa riba nafuu. Aliyemfanyia mzazi wake hivyo atueleze ilivyokwenda.

MZEE WA HESABU
Mimi nilimkopea baba kwenye Sacco yangu, yaani chama cha akiba na mikopo. Riba ni asilimia 1 kwa mwezi, inahesabiwa kwa salio linalopungua, na unakopa hadi mara tatu ya akiba zako. Tuchukue namba zako. Mama akilipa 9,000 bila kushuka, na asinunue chochote kwa kadi, atamaliza baada ya miezi 35 hivi, riba ikiwa imefika 135,000. Kwenye Sacco 9,000 hiyohiyo inamaliza kwa miezi 23, na riba ni kama 22,000.

Lakini ujue kwamba deni linakuwa lako. Wadhamini ni wenzako wa kazini, na wewe ukikwama akiba zao ndizo zitakazoguswa. Mke wangu nilimwambia kabla ya kusaini fomu, si baada. Baba naye hunitumia kwa M-Pesa pensheni ikiingia tu, kabla haijaanza kutembea. Na zile pesa za mkopo usimpe mzazi mkononi. Lipa moja kwa moja kwenye akaunti ya kadi.

SHIRO WA SOUTH B
Mama yangu yuko Dallas, Marekani, anahudumia wazee kwenye makao. Kule kuna kadi mpya zinazobeba deni la kadi nyingine kwa riba sifuri kwa muda, aghalabu miezi 12 hadi 21, nawe unalipa ada ya asilimia 3 hadi 5 ya deni unalohamisha. Alikuwa anadaiwa dola 8,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, yaani dola 160 za riba kila mwezi. Ada ya kuhamisha ilikuwa dola 240. Tukagawanya 8,240 kwa miezi 18, ikaja dola 458 kwa mwezi. Akatia saini kwa shingo upande, kwa sababu ilibidi aongeze zamu za Jumamosi.

Yaliyotushtua ni haya. Benki haikubali kuhamisha deni kutoka kadi yake moja kwenda nyingine yake. Hujui utapewa kiwango gani cha kukopa mpaka waidhinishe, na kinaweza kuwa kidogo kuliko deni. Uhamisho unachukua siku kadhaa, hata wiki, na kadi ya zamani lazima iendelee kulipwa mpaka isome sifuri. Ile riba sifuri ni ya deni lililohamishwa. Ukinunua maziwa kwa kadi hiyohiyo huenda yakatozwa riba kuanzia siku hiyo. Na muda ukiisha, kilichobaki kinarudi kwenye riba ya kawaida.

Haya yote tuliyafanya kwa simu ya video. Yeye ndiye aliyebonyeza, mimi nilisoma tu. Nywila yake siijui wala sitaki kuijua.

OTIS
Shiro, hiyo hapa Nairobi mimi sijaiona. Hapa utaambiwa "tutanunua deni lako". Benki moja ilitaka kununua kadi mbili za mzee, jumla 300,000, kwa asilimia 16 kwa mwaka. Kijana wa mauzo alisifu tu kwamba atalipa 6,500 kwa mwezi. Nikamuuliza kwa miezi mingapi? Sabini na miwili! Hiyo ni riba ya karibu 168,000. Kwa miezi 36 angelipa 10,500 kwa mwezi na riba ingekuwa kama 80,000. Na hapo hujaweka ada ya kushughulikia mkopo wala bima ya mkopo. Mwambie akuandikie jumla ya kila kitu mpaka shilingi ya mwisho. Akianza kuzungukazunguka, beba karatasi zako uondoke.

KIFUNGUA MIMBA
Asanteni. Kikwazo changu hasa ni mama mwenyewe. Nikigusia kadi anasema, "Kwani nimekuomba?"

NYINA WA MAPACHA
Pole, huyo ni mama yangu kabisa. Barua za benki alizificha chini ya kitambaa cha kufuma kwenye kabati la vyombo, hazijafunguliwa, thamosi juu yake. Nilizijua kwa sababu kitambaa kilikuwa kimeinuka upande mmoja. Sikuzigusa. Nilingoja tukiwa wawili jikoni, tunachambua sukuma, nikamwambia natafuta mkopo wa karo na nimechanganyikiwa na hizi riba, yeye alikuwa anafanyaje? Akaanza kunifundisha. Kisha akatoa barua mwenyewe. Jambo jingine, msimkalishe kikao cha watoto wote. Kaka yangu alitaka tuitane, nikakataa. Mama hawezi kuhojiwa na wanawe kama mwizi wa kuku.

MTU WA KARATASI
Kwa ambao deni limeshalala bila kulipwa, someni kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika 2007. Mkopo ukishaacha kulipwa ipasavyo, riba inayoongezwa baada ya hapo haiwezi kuzidi deni lililokuwapo siku lilipohesabiwa kuwa baya. Shangazi yangu wa Kariobangi alikwama akidaiwa 90,000, miaka ikapita, wakamletea 260,000. Kwa sheria mwisho ni 180,000 pamoja na gharama za kudai. Tuliandika barua ya ukurasa mmoja, tukataja kifungu, hesabu ikarudi imepungua. Kabla ya kuhamisha kitu chochote, chukueni pia ripoti ya CRB, yaani kampuni zinazotunza rekodi za mikopo ya kila mtu. Zipo kama TransUnion, Metropol na Creditinfo, na kila mtu ana haki ya ripoti moja ya bure kwa mwaka. Kwa shangazi tulikuta mkopo wa simu aliokuwa ameusahau kabisa.

MZEE WA HESABU
Nimekumbuka hili. Kukata kadi kwa mkasi si kuifunga. Baba aliikata mbele yangu kwa raha zake, na mwaka uliofuata ikaja ada ya mwaka, kisha adhabu ya kutolipa ada. Kifungua Mimba, deni likiisha andikeni barua ya kufunga akaunti, mama asaini, mbaki na nakala yenye muhuri wa tawi, kisha mdai barua ya kuthibitisha kwamba hadaiwi. Otis, ile benki ilikubali miezi 36 au mliiacha?

OTIS
Tuliiacha. Mzee ana miaka 61, bima yao ya mkopo ilikuwa inakomea miaka 60. Aliuza ng'ombe wawili wa kule ushago, kijijini, akalipa kadi ndogo yote, na ile kubwa ndiyo tunayopeleka Sacco sasa. Wadhamini wawili nimepata, natafuta wa tatu.