Mjadala: Chaneli ya bure haikatiki kwenye king'amuzi. Kwa nini ikatike kwenye simu?

Mtoa mada

Wakuu, habari za jioni.

Juzi saa mbili usiku nilikuwa kwenye genge la mama lishe wetu hapa Tandika. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Simu yake, ambayo kioo kimepasuka kona ya juu, alikuwa ameiegemeza kwenye chupa ya chai, taarifa ya habari iko mubashara. Alikuwa anasubiri jambo moja tu: barabara ya bonde la Jangwani, ambayo mvua ikizidi hufurika, inapitika au imefungwa? Binti yake anafanya kazi Magomeni na anarudi kwa basi la mwendokasi hadi kituo cha Gerezani, akipita hapo Jangwani. Wateja wanne tuliinama juu ya kile kioo, wali unapoa. Mara kiduara kikaanza kuzunguka, ukaingia ujumbe kwamba kifurushi kimekwisha. Mama akaifuta simu kwa ncha ya kanga, akaiweka kwenye mfuko wa aproni. Hakununua kingine, kwa sababu hela iliyobaki ilikuwa ya vitunguu vya kesho.

Nyumba ya pili kuna king'amuzi ambacho hakijalipiwa miezi mitatu. Habari ile ile tuliisikia ikitoka dirishani.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kwenye ving'amuzi vya antena tumezoea kwamba hata usipolipia kifurushi, chaneli za bure zinaendelea kuonekana. Mwaka 2018 suala hili lilizua vuta nikuvute hadi ITV, Channel Ten, EATV na nyingine zikaondolewa kwenye ving'amuzi vya kulipia vya dishi, kwa hoja kwamba chaneli yenye leseni ya bure haiuzwi. Sawa kabisa. Lakini mtu ambaye televisheni yake ni simu, chaneli hizo hizo anazilipia kila dakika kwa bando. Mimi nasema haki ile ile imfuate kwenye simu. Nyie mnasemaje?

Mchangiaji wa Mbezi

Mtoa mada, nakuelewa kwa huruma, sikuelewi kwa hesabu. Bando si pesa ya chaneli, ni pesa ya barabara inayoileta. Mnara unahitaji umeme, ulinzi, mafundi. Ukisema video ziwe bure, wote tutahamia huko, mtandao utalemewa, na anayetaka kutuma hela saa mbili usiku atakwama. Halafu wengi wanaoangalia kwenye simu hawaangalii habari. Wanaangalia mpira na tamthilia. Mpira una haki za matangazo zilizonunuliwa kwa fedha nyingi. Huo nao uwe bure?

Fundi wa Kariakoo

Wakuu, mnasahau kwamba jambo hili tuliwahi kuwa nalo mkononi. Kabla televisheni ya analojia, ile ya zamani isiyohitaji king'amuzi, haijazimwa, hapa Kariakoo tuliuza simu za Kichina zenye antena ya kuvuta, nyembamba kama sindano ya kufumia. Unavuta antena, unatafuta chaneli, unaangalia. Hakuna bando, hakuna hata laini. Walinzi wa usiku walizipenda kuliko simu yoyote. Picha ilikuwa na chenga, ukigeuka inapotea, lakini ilikuwa bure kweli. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ikazimwa, Dar ikiwa ya kwanza nchini. Nyumbani watu walinunua ving'amuzi. Zile simu hazikuwa na pa kuchomeka king'amuzi, zikabaki na antena isiyo na kazi. Sikumbuki mtu yeyote akiuliza habari zao.

Na kiufundi, mchangiaji wa Mbezi ana hoja. Mtambo wa televisheni hurusha mara moja, wakaangalia watu kumi au milioni, gharama ya kurusha ni ile ile. Kwenye intaneti kila simu inapelekewa mkondo wake, kwa hiyo kila mtazamaji ni mzigo mpya. Japani walianza 2006 kurusha televisheni ya kidijitali moja kwa moja kwenye simu zenye antena, Korea Kusini waliwatangulia kwa mwaka mmoja. Simu nyingi za leo hazina kipokezi hicho. Njia ipo, lakini haipo mfukoni mwetu.

Mzee wa Ilala

Vijana, mimi napinga kwa sababu nyingine. Huku bara televisheni ilifika 1994, wakati Zanzibar walikuwa nayo ya rangi tangu 1973. Tulijazana sebuleni kwa jirani mwenye seti, watoto chini, wakubwa kwenye viti. Habari ikiisha tunaijadili. Sasa nyumbani kwangu watu watano wana vioo vitano, kila mmoja anacheka peke yake. Msiipigie debe hali hii.

Mtoa mada

Shikamoo mzee. Maneno yako yameniingia, na mimi pia nimelelewa na sebule ya jirani. Lakini wapangaji wengi wa Tandika, Manzese na Mbagala hawana sebule. Wana chumba kimoja, kitanda na jiko, na umeme wa LUKU wanaugawana na wenzao. Wakati wa mgao wa 2023 na mwanzoni mwa 2024 seti zilizima, simu zikabaki hai. Kwao simu ndiyo televisheni, na hawakuichagua kwa uvivu wala kwa ujana. Pale gengeni tulikuwa wanne kwenye kioo kimoja, mzee, na tuliijadili habari mpaka ilipokatika.

Mchangiaji wa Mbezi, mpira naukubali, wenye haki walipwe. Tamthilia pia. Siombi video zote. Naomba taarifa ya habari, na matangazo ya dharura ya mvua na mafuriko, kwa picha ndogo. Picha ya 240p kwa saa nzima hula kama MB 200, wakati ya 720p hukaribia au kupita GB 1. Kwenye kioo cha inchi sita, sura ya mtangazaji na maandishi ya chini vinasomeka vizuri. Na mlipaji tunaweza kumtafuta: Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote uliundwa kwa sheria ya 2006, makampuni ya simu huchangia, na sheria inataja pia maeneo ya mijini yasiyofikiwa vya kutosha. Mtu wa chumba kimoja Tandika asiyeweza kuongeza bando, je, amefikiwa?

Fundi, wewe ndiye unayejua mitambo. Nusu saa moja tu kila usiku, saa mbili hadi saa mbili na nusu, kwa picha ndogo hiyo: mnara wa Tandika utalemewa kweli?