Toroli mahsusi za kukusanyia oda ghalani: za kuagiza, za kuchomelea au za mabomba ya kuunga?

Karani wa Gofu

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninafanya kazi katika ghala la bidhaa za jumla hapa Gofu, Tanga mjini, ambalo huhudumia maduka ya rejareja ya mjini, Muheza, Pangani, Korogwe na Lushoto. Oda zetu ni za mchanganyiko: katoni mbili tatu za sabuni, madumu ya mafuta ya kula, biskuti, madaftari, betri na viberiti. Hadi sasa wakusanyaji wanatumia toroli bapa za sakafu moja, kwa hiyo mtu huchukua oda ya duka moja, huzunguka ghala zima, hurudi kwenye meza ya uhakiki, kisha huanza upya na duka la pili kupitia njia zile zile. Vitabu vya usimamizi wa maghala hukadiria kuwa kutembea peke yake hula takribani nusu ya muda wa mkusanyaji, na kwa ninavyoona kwetu makadirio hayo hayajatiwa chumvi.

Uongozi umekubali tupate toroli za rafu tatu zitakazobeba oda za maduka kadhaa kwa mzunguko mmoja, kila duka na kreti zake. Njia zilizo mbele yangu ni tatu: kuagiza toroli zilizokwisha kuundwa kiwandani nje ya nchi, kumpa kazi fundi wa kuchomelea hapa hapa Tanga, au kununua mabomba membamba ya milimita 28 yanayounganishwa kwa viungo vya boliti na kuziunda wenyewe. Kreti zetu ni zile za plastiki za milimita 600 kwa 400. Njia kati ya rafu zina upana wa mita 1.5, sakafu ni ya zege yenye nyufa na maungio, na mlango wa kupakilia una mteremko mfupi. Nimepanga kila toroli ibebe kilo 250. Ninaomba ushauri wenye sababu, maana bei nimekwisha kuziuliza.

Fundi wa Ngamiani

Karani, umeeleza vizuri kuliko wateja wengi wanaokuja na picha ya simu na kusema "nitengenezee kama hii". Kwa kuwa mimi ni mchomeleaji, utatarajia niseme toroli ya kuchomelea ndiyo bora, na kweli nitasema hivyo, lakini kabla ya fremu nataka tuzungumze juu ya magurudumu, kwa sababu toroli nyingi zinazorudishwa kwenye karakana yangu hazijavunjika fremu. Zimeharibika magurudumu au bamba linaloyashika.

Watu hugawanya uzito kwa nne kwa kuwa magurudumu ni manne. Kwenye sakafu yenye nyufa hesabu hiyo inadanganya, kwani mara kwa mara gurudumu moja huning'inia na matatu ndiyo yanayobeba kila kitu. Mzigo wako wa kilo 250 ukijumlishwa na toroli yenyewe, tuseme kilo 60, unapata 310. Ukigawanya kwa tatu, kila gurudumu lazima liwe na uwezo wa kilo 103 na ushee, wala si 78. Pili, kipenyo. Gurudumu la milimita 100 huingia kwenye ufa na kugoma, ilhali la 160 au 200 huuvuka kwa msukumo mdogo. Ubaya wa gurudumu kubwa ni kwamba linapandisha sakafu ya toroli, na rafu ya juu nayo inapanda.

Kuhusu fremu, bomba la mraba la milimita 40 lenye unene wa milimita 2 lina takribani kilo 2.3 kwa kila mita, na la milimita 25 lenye unene wa 1.5 lina takribani kilo 1.1. Toroli ya rafu tatu yaweza kula mita 25 za bomba. Ukitumia la 40 kila mahali, fremu tupu inakaribia kilo 58. Ukiliweka la 40 chini tu, mita sita hivi, na la 25 sehemu zilizobaki, unashuka hadi kilo 35. Kilo hizo zaidi ya 20 mkusanyaji wako angezisukuma kutwa nzima bila kulipwa na mteja yeyote.

Mwisho, hewa ya chumvi. Tanga bomba huoza kuanzia ndani, kwa hiyo ncha zote zizibwe kwa kuchomelewa, si kwa vifuniko vya plastiki tu. Mabomba yaliyopakwa zinki ni mazuri, ila mahali pa kuchomelea zinki lazima isagwe kwanza na kazi ifanyike penye upepo, kwa sababu mafusho yake huleta homa usiku wake. Kisha maungio yapakwe rangi ya zinki.

Bibi Stoo, Muheza

Fundi amesema kweli, lakini asiyadharau mabomba ya kuunga. Stoo yetu ni ya vitabu na vifaa vya shule, na toroli zetu ni za mabomba hayo ya milimita 28. Faida yake haionekani siku ya kwanza. Inaonekana msimu wa kufungua shule unapokuja, madaftari yanapoongezeka na kalamu kupungua: tunalegeza boliti kwa spana ya pembe sita, tunashusha rafu ya kati, tunakaza, na kabla ya chai toroli imekuwa nyingine. Ya kuchomelea ikikosewa kimo cha rafu, inabaki imekosewa.

Udhaifu wake nao nausema wazi. Viungo hulegea kwa mtikisiko, hivyo lazima awepo mtu mwenye jukumu la kuvikaza kwa ratiba; na penye bomba lililokatwa, ganda la plastiki linalolifunika huisha na chuma hubaki wazi, kutu ikaanzia hapo. Kwa madumu ya mafuta ya kula nisingezitumia hata kidogo. Kwa viberiti, biskuti na betri ningezitumia bila kusita.

Katika magurudumu nina jambo la kuongeza. Ya nailoni husukumika kwa wepesi lakini yana kelele na hugonga kila ufa. Ya mpira ni matulivu, ila ni mazito kusukuma, na toroli ikiachwa imepakiwa hadi Jumatatu upande wa chini hujibonyeza. Wengi huishia kwenye poliyurethani, yaani plastiki ngumu inayonyumbuka kama mpira, na mimi pia, lakini muulize muuzaji ni ya aina gani. Ile yenye msingi wa poliesta hushambuliwa na unyevunyevu wa joto, nao pwani tunao mwaka mzima, si masika tu. Baada ya muda humeguka kama keki iliyokauka hata kama toroli haifanyi kazi nyingi. Yenye msingi wa polietha huvumilia unyevunyevu vizuri zaidi. Muuzaji asiyejua tofauti hiyo, mshukuru na uende kwa mwingine.

Mkaguzi Mstaafu, Raskazone

Nimesoma kwa makini, na nina wasiwasi na namba moja ambayo hakuna aliyeigusa: kilo 250. Mnajadili kama toroli itaihimili. Mimi nauliza kama mtu ataihimili.

Mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza imetoa vipimo vya mwongozo ambavyo nimevitumia kwa miaka mingi kwa sababu vinaeleweka hata bila mashine ya kupimia. Nguvu ya kuanza kusukuma au kusimamisha mzigo isizidi takribani kilo 20 kwa mwanamume na kilo 15 kwa mwanamke. Nguvu ya kuendeleza mwendo isizidi kilo 10 kwa mwanamume na 7 kwa mwanamke. Kwenye sakafu tambarare yenye magurudumu mazuri, nguvu ya kuanza ni walau asilimia 2 ya uzito wote; kwenye sakafu mbovu inaweza kufika asilimia 10. Chukueni zile kilo 310 za Fundi. Sakafu ikiwa nzuri, ni kilo 6 na ushee, mtoto wa shule angesukuma. Sakafu ikiwa mbaya, ni kilo 31, na hapo mmekwisha kuvuka kipimo cha mwanamume, achilia mbali cha mwanamke. Karani ametuambia mwenyewe kwamba sakafu yake ina nyufa. Kwa hiyo ningemshauri uzito wote, toroli pamoja na mzigo, usizidi kilo 200 kama wasukumaji ni wanaume, na 150 kama wanawake nao watasukuma, ambavyo ndivyo inavyopaswa kupangwa.

Mteremko ni shauri jingine kabisa. Ukiwa unapanda mita 1 kwa kila mita 12, toroli ya kilo 310 inadai karibu kilo 26 kwa ajili ya mteremko peke yake, kabla hujahesabu ugumu wa magurudumu. Na wakati wa kushuka, nguvu hiyo hiyo ndiyo inayomkimbilia mtu kisiginoni. Niliwahi kuchunguza ajali ya namna hiyo katika ghala moja ambalo sitalitaja. Toroli ilikuwa na breki, lakini ilikuwa breki ya kuegeshea, ambayo haimsaidii mtu aliye katikati ya mwendo. Toroli za kukusanyia oda ziishie mahali tambarare.

Mpini uwe kati ya kiuno na bega. Mimi hupendelea vipini viwili vilivyosimama wima, kwa kuwa mrefu hushika juu na mfupi hushika chini bila kurekebisha chochote. Mzigo wa juu usizibe macho. Toroli isukumwe, isivutwe, kwani anayevuta hupinda mkono na mgongo nyuma yake, na toroli humkanyaga. Haya si mambo ya hiari: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya anayesukuma kama anavyolinda ya anayeendesha mashine.

Karani wa Gofu

Mzee, nashukuru sana. Kilo 250 naziondoa. Madumu ya mafuta yatabaki kwenye paleti na kusogezwa kwa kinyanyulio cha kupampu, na toroli zitachukua bidhaa nyepesi tu. Swali langu sasa ni umbo. Kreti tatu kwa kila rafu, zikipangwa ubavu kwa ubavu, zinadai rafu ya mita 1.2 kwa 0.6, yaani toroli ya nje iwe kama mita 1.25 kwa 0.65. Kreti mbili kwa rafu, zikipangwa kwa urefu, zinadai mita 1.25 kwa 0.45. Ipi inafaa kwa njia za mita 1.5?

Fundi wa Ngamiani

Pima kutoka kona hadi kona. Ile pana ina mita 1.41, kwa hiyo kwenye njia ya mita 1.5 inaweza kugeuka papo hapo ikiwa magurudumu yote manne yanazunguka, lakini inabakiza chini ya sentimita tano kila upande, na kreti ikichomoza kidogo tu itagonga rafu. Tena magurudumu manne yanayozunguka hufanya toroli iende mrama kwenye njia ndefu. Mpangilio wa kawaida, yaani mawili yasiyozunguka mbele na mawili yanayozunguka upande wa mpini, hunyooka vizuri, ila hugeukia kwenye ekseli ya mbele na mkia wake hufagia eneo kubwa. Humo ndani haugeuki. Wapo wanaoweka sita, mawili ya katikati yakiwa hayazunguki na yameshuka kidogo. Hizo hugeuka kwenye kitovu chake kwa uzuri, lakini kwenye sakafu yenye mabonde hubembea, na kwako sizishauri.

Kama wakusanyaji wanaingia upande mmoja na kutokea wa pili, hawahitaji kugeuka ndani ya njia, basi chukua ile pana yenye mpangilio wa kawaida. Zikikutana mbili, zinachukua mita 1.3 na kuacha sentimita 20: zitapishana kwa adabu. Nyembamba inapishana kwa raha, lakini ikiwa na rafu tatu za mzigo juu ya msingi wa sentimita 45, ikikwama kwenye ufa huku inapinda inaweza kulala.

Dereva wa Njia ya Lushoto

Naomba nichomekee dogo. Muheza ndiyo ya kwanza kushushwa, halafu Korogwe, kisha Lushoto, kwa hiyo kwenye gari Lushoto inatangulia kupakiwa. Toroli moja ibebe maduka ya njia moja, na Pangani isichanganywe humo kwa sababu ina gari lake. Kreti za Lushoto ziwekwe rafu ya kati, ambayo mpakizi hufikia bila kuinama, ziwe za kwanza kutoka. Tunapoteza muda mwingi mlangoni kutafuta kreti iliyofunikwa na nyingine.

Bibi Stoo, Muheza

Dereva kanena jambo ambalo lingenifanya nianze na mabomba ya kuunga hata kama nia ni kuishia kwenye ya kuchomelea. Karani hajui bado rafu ipi iwe na kimo gani. Aunde moja ya mabomba, aihamishe rafu zake mpaka wakusanyaji waache kunung'unika, ndipo ampelekee Fundi vipimo. Zile za kuagiza nimeona hakuna hata mmoja aliyezitetea, na mimi sitaanza. Kwa njia za mita 1.5 na kreti za kipimo maalumu, utapokea toroli iliyopimwa kwa ghala la mtu mwingine.

Karani wa Gofu

Nimeafiki. Nitaunda moja ya mabomba kwa njia ya Lushoto, yenye kreti tisa na uzito wote usiozidi kilo 150, nao wanawake wawili wa zamu ya asubuhi ndio watakaoijaribu kwanza. Ikikubalika, Fundi, nitakuletea mchoro.

Fundi wa Ngamiani

Leta mchoro pamoja na gurudumu moja mkononi. Matundu ya bamba nitayatoboa kwa kulipima gurudumu lenyewe, kisha nitayafunga yote kwa boliti bila kuchomelea, ili siku litakapochakaa mlibadilishe wenyewe hapo Gofu bila kuleta toroli nzima Ngamiani.