Shahada yangu ya Kenya ni "ngazi ya 7", Tanzania wanasema hiyo ni stashahada ya juu. Nifanyeje?

Mwana wa Holili:
Wakuu, salaam. Mimi ni Mtanzania, shahada ya kwanza ya biashara nimesomea Kenya, chuo binafsi, miaka minne. Juzi niliomba kazi kwenye taasisi moja hapa Arusha. Fomu ina kisanduku cha ngazi ya sifa, nikajaza 7, maana mfumo wa sifa wa Kenya (KNQF) ndivyo unavyoiweka shahada. Dada wa utumishi akanipigia: "Kaka, 7 ni stashahada ya juu, sisi tunataka 8." Nikamweleza, akasema yeye anafuata mwongozo.

Sasa najiuliza, nikivuka mpaka elimu inapungua? Nasikia Afrika Mashariki tuna mfumo mmoja tangu 2015, mbona kila nchi bado ina namba zake? Na huku kutambuliwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) ndiko huko huko au ni habari nyingine?

Kiboko ya Mitihani:
Ungesoma nyumbani yasingekukuta haya 😂

Chaki Nyeupe:
Achana na Kiboko. Hujashuka popote.

Hapa kwetu 7 ni stashahada ya juu, 8 shahada, 9 uzamili, 10 uzamivu. Kenya nao wanaishia 10, ila stashahada ya uzamili wameipa ngazi yake, ya 8, kwa hiyo shahada ikasogea hadi 7. Juu mnakutana: uzamili 9, uzamivu 10. Dada wa utumishi amesoma namba ya Kenya kwa jedwali la Tanzania, basi.

Mfumo wa Afrika Mashariki unaousikia upo chini ya Baraza la Vyuo Vikuu (IUCEA) pale Kampala. Una ngazi 8 na shahada iko ya 6, kama ilivyo kwenye mfumo wa Ulaya. Haukuja kufuta namba za nchi. Kila nchi inaonyesha ngazi zake zinaangukia wapi, na 7 ya Kenya na 8 ya Tanzania zote zinaangukia 6.

Ila mdogo wangu, namba isikutoe jasho. TCU watakachokuuliza ni nani aliikagua hiyo kozi.

Mama Mizani:
Hapo kwa Chaki naongezea. Mfumo wa sifa ni maandishi kwenye gunia: "kilo 100". Uthibiti ubora ni yule anayelipandisha gunia kwenye mzani. Maandishi bila mzani ndiyo mambo ya lumbesa tunayoyajua sote.

Jogoo la Shamba:
Mama umemaliza. Mnakumbuka 2017? TCU ilizuia vyuo 19 visidahili wanafunzi wapya, na kozi 75 katika vyuo vingine. Kwenye mfumo wa sifa haukuguswa hata mstari, shahada ilikuwa 8 na ikabaki 8. Kilichovikwamisha vyuo ni ukaguzi. Kwa hiyo mtu akikuringia "kozi yetu ni ngazi ya 8", muulize ithibati iko wapi.

Chaki Nyeupe:
Na upande wa pili upo. Mkaguzi asipokuwa na mfumo atapima nini? Atahesabu viti na vitabu, aondoke. Mfumo ndio unaomwambia mhitimu wa shahada awe anaweza nini, na kwa mzigo gani: kwetu shahada haiwi chini ya krediti 360, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, pamoja na zile za kujisomea mwenyewe. Nimewahi kupitia mitihani ya mwaka wa tatu yenye swali la "taja faida tano za...". Mtaala umeandika mhitimu "atachambua na kutoa uamuzi". Ngazi ya 8 kwenye karatasi, mtihani wa cheti! Hicho kitu mfumo peke yake hauwezi kukiona, na mkaguzi asiye na mfumo atakiona ila hatakuwa na pa kushikia.

Tai wa Eldoret:
Ndugu, hujambo. Huku kwetu usichanganye mashirika mawili. KNQA, iliyoundwa kwa sheria ya 2014, ndiyo inashikilia ule mfumo wa ngazi. CUE ndiyo inaidhinisha vyuo vikuu na kozi zao. Kwa hivyo "ngazi ya 7" pekee haithibitishi kuwa kozi yako iliidhinishwa. Nenda utafute jina la kozi kwa CUE, siyo jina la chuo tu. Chuo kinaweza kuwa na chata (hati rasmi ya kuwa chuo kikuu) na bado kiwe na kozi moja ambayo haikupitishwa, na hapo ndipo watu hulia. Angalia pia tarehe: idhini iwe ilikuwepo wakati unasoma.

Mwana wa Holili:
Tai, asante sana ndugu. Nimetafuta, kozi ipo na idhini ni ya kabla sijaanza. Kwa hiyo kwenye fomu niandike 8?

Chaki Nyeupe:
Usiandike 8, cheti chako hakisemi hivyo na mtu mwingine atakuuliza umeitoa wapi. Andika "Shahada ya kwanza", kisha uambatishe barua ya TCU ya kutambua tuzo ya nje. Maombi yanafanyika mtandaoni. Ukishakuwa na barua hiyo, namba inakuwa kazi yao.

Mwana wa Holili:
Vya kidato cha nne na sita navyo niweke?

Mama Mizani:
Weka vyote, mwanangu, pamoja na transkripti kamili. Na kabla hujalipa chochote, tazama jina. Kama cha kidato cha nne kina majina matatu na cha Kenya kina mawili, maliza hilo kwanza kwa wakili. Wengi wanakwama hapo hapo.